Maradhi Hayaogopi Bunduki

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi ndugu askari wa jeshi na wa polisi mlioko makambini, vituoni na mipakani.

Tangu nchi yetu ilipopata uhuru tumefundishwa kuwahesabu maadui watatu wa taifa: ujinga, maradhi na umaskini. Aghalabu tumewataja kana kwamba kila mmoja amesimama peke yake. Yaliyowapata jirani zetu wa Kongo, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, yanatuonyesha kwamba ujinga na maradhi hutembea wameshikana mikono, na kwamba askari asiyelifahamu jambo hilo anaweza kuwafungulia mlango, hata kama nia yake ni njema.

Tarehe 1 Agosti, 2018, serikali ya Kongo ilitangaza kwamba ugonjwa wa Ebola umezuka Mangina, karibu na mji wa Beni. Ugonjwa ukaenea hadi Butembo na kwingineko, na haukutangazwa kuwa umekwisha katika eneo hilo mpaka tarehe 25 Juni, 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 kati yao wakafa.

Safari hii, ndugu wasikilizaji, madaktari hawakwenda mikono mitupu. Walikuwa na chanjo, na watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Walikuwa na maabara na magari. Mwaka 2019 zikathibitika pia dawa mbili zinazopunguza vifo, hasa mgonjwa anapowahi kufikishwa kituoni. Kwa nini basi maradhi yaliendelea kwa karibu miaka miwili?

Sababu moja ni vita. Eneo la Beni limekuwa likishambuliwa na waasi kwa miaka mingi, na tangu mwaka 2014 raia wengi wamechinjwa huko. Lakini sababu ya pili ilikuwa ndani ya mioyo ya watu. Mwezi Septemba 2018, watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Robo yao walisema kwamba Ebola haipo. Na wale wasioamini ndio waliokuwa wazito kukubali chanjo na kwenda hospitali.

Ni rahisi kuwacheka watu hao na kuwaita wajinga. Tusifanye hivyo. Walikuwa wakijiuliza swali la haki: tulipokuwa tukichinjwa hakuna aliyekuja, leo wamekuja na magari mengi kwa ajili ya homa, kuna nini? Kisha, mwezi Desemba 2018, uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kuwa miongoni mwa sababu, ilhali sehemu nyingine za nchi zilipiga kura. Waliokuwa na shaka wakaona wamepata ushahidi. Siku hiyohiyo ya maandamano, kituo cha wagonjwa mjini Beni kilivamiwa.

Tena palikuwa na suala la lugha. Watu wa huko husema Kinande na Kiswahili cha kwao. Baadhi ya waliopelekwa kuwaelimisha walitoka mbali na walisema Kifaransa au Kilingala. Elimu isiyoeleweka si elimu, ni kelele. Na mtu aliyenyimwa maelezo hujitungia ya kwake.

Hapa ndipo jambo hili linapowahusu ninyi moja kwa moja. Kwa sababu ya hatari iliyokuwapo, wahudumu wa afya walisindikizwa na askari wenye silaha. Hatari hiyo haikuwa ya kubuni. Mwezi Februari 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto katika muda wa siku chache. Tarehe 19 Aprili, mwaka huohuo, Dakta Richard Mouzoko, raia wa Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Nani atasema kwamba watu kama hao hawakustahili ulinzi?

Hata hivyo, bunduki ileile iliyomlinda daktari iliongeza shaka ya mwananchi. Mwezi Machi 2019, Dakta Joanne Liu, aliyekuwa kiongozi wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, alionya hadharani kwamba kuwatumia askari kuwashurutisha wagonjwa ni kosa, na kwamba kunawafanya watu wajifiche. Na mgonjwa wa Ebola anayejificha huambukiza wanaomwuguza nyumbani. Akifa kwa siri, huambukiza pia wanaomwosha, kwa kuwa maiti ya mgonjwa huyo ina hatari kubwa mno. Nguvu yaweza kumtoa mtu chumbani, lakini haiwezi kumfanya aseme ni nani aliolala nao nyumba moja.

Lililosaidia lilikuwa lingine. Jamaa waliruhusiwa kuwaona wagonjwa wao kupitia kuta za plastiki angavu, wakaamini kwamba hakuna anayefanyiwa ubaya gizani. Vijana wa palepale walifundishwa kuzika kwa usalama na kwa heshima. Watu waliopona waliwalea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa, na kila mmoja wao alikuwa ushahidi unaotembea kwamba Ebola ipo na kwamba inapona.

Tuwatazame sasa jirani zetu wa Uganda. Mwezi Juni 2019, familia moja iliingia nchini humo kutoka Kongo, na mtoto wa miaka mitano akawa mgonjwa. Wahudumu wa hospitali ya Kagando, wilayani Kasese, waliitambua hatari upesi. Watu watatu wa familia hiyo walikufa, lakini ugonjwa haukuenea ndani ya Uganda. Wahudumu wa afya wa mpakani walikuwa wamekwisha kuchanjwa na kufundishwa kabla ya adui kufika.

Na Uganda ina funzo la zamani zaidi, lililoanzia jeshini. Mwaka 1986 maafisa 60 wa jeshi walipelekwa Cuba kwa mafunzo. Walipopimwa, 18 walikutwa na virusi vya UKIMWI. Rais Museveni alielezwa habari hiyo na Fidel Castro mjini Harare. Angeweza kuifanya siri ya jeshi. Badala yake alilitangaza tishio hilo kwa wananchi, mkutano baada ya mkutano, kwa maneno ambayo mkulima aliyafahamu. Maambukizo, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalikadiriwa kuzidi watu wazima 15 katika kila 100, yalionekana kuwa kama 6 katika uchunguzi wa mwaka 2004 na 2005.

Sisi wenyewe hatukosi mfano. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujadiliana juu ya malaria, kichocho, kuhara na safura. Baada ya kujadiliana walichimba vyoo. Na mwaka 2023, ugonjwa wa Marburg ulipozuka mkoani Kagera na kuua watu 6 kati ya 9 walioupata, tulikumbushwa kwamba mpaka wa nchi si ukuta wa maradhi.

Ndugu askari, siku ya mlipuko mara nyingi ninyi ndio mtakaokuwa wa kwanza kukutana na msafiri mwenye homa pale kwenye kizuizi. Jueni mapema kwamba Ebola na Marburg huambukiza kwa maji maji ya mwili wa aliyekwisha kuugua au kufa. Jueni kwamba mgonjwa si mhalifu, na kwamba kumweleza mtu kwa nini anazuiliwa ni sehemu ya kazi yenu kama ilivyo kumzuilia. Nanyi wenyewe nawaeni mikono na kuchanjwa mbele ya macho ya watu, kwani raia hutazama askari anatenda nini kabla ya kusikiliza anasema nini.

Silaha italinda mlango wa hospitali. Atakayemfanya mgonjwa auingie kwa hiari yake ni yule aliyemwelimisha.