Hesabu ya Wakili Mbele ya Mwenye Mali

Dominika ya 25 ya Mwaka C
Masomo: Am 8:4-7, 1 Tim 2:1-8, Lk 16:1-13



Mama Kanisa ametuwekea leo masomo matatu ambayo, tukiyasikiliza kwa pamoja, yanatuingiza katika jambo ambalo wengi wetu hudhani halina nafasi kanisani, nalo ni hesabu ya mali ya umma na namna wanaoongoza wanavyoitoa. Nabii Amosi anasema juu ya mizani. Mtume Paulo anamwagiza Timotheo juu ya wafalme na wote wenye mamlaka. Bwana wetu mwenyewe anasimulia habari za wakili aliyeitwa na tajiri wake akaambiwa alete hesabu. Masomo haya hatukuyachagua sisi. Yamo katika kalenda ya Kanisa, hurudi kila baada ya miaka mitatu, na Dominika hii yanasomwa Songea kama yanavyosomwa Roma. Basi asiwepo wa kusema kwamba padre leo ameacha Injili akaingia katika siasa.

Tuanze na Amosi. Alikuwa mchungaji wa Tekoa, katika nchi ya Yuda, akatumwa kuhubiri kaskazini, katika ufalme wa Israeli, zama za mfalme Yeroboamu wa Pili, karne ya 8 kabla ya Kristo. Biashara ilikuwa imestawi na nyumba za wakubwa zilipendeza. Wale anaowakemea hawakuwa wapagani. Walishika sabato, walishika na sikukuu ya mwezi mwandamo. Ila walipokuwa ibadani walikuwa wakihesabu saa: lini sikukuu itakwisha wafungue maghala, wapunguze kipimo, wapandishe bei, na makapi wayauze pamoja na ngano? Mwili ulikuwa patakatifu, moyo ulikuwa dukani. Na mwisho wa hesabu zao mtu maskini naye akawa na bei yake, bei ya jozi ya viatu.

Tuutazame vizuri mwendo huo. Kabla ya mtu kuuzwa, kipimo kilikuwa kimekwisha kupunguzwa. Tunapozungumza juu ya haki za binadamu, fikra zetu hukimbilia mahabusu na virungu, na ni sawa, kwa maana huko nako haki huvunjwa. Lakini nabii anatuonyesha kwamba uovu huo huanza mapema zaidi, pale mizani inapochezewa sokoni, au ofisini, na hakuna anayeuliza.

Sasa tuje kwenye Injili. Neno wakili siku hizi latukumbusha mtu wa mahakamani mwenye joho jeusi. Katika mfano wa Bwana, wakili ni msimamizi aliyekabidhiwa mali ya mwingine. Ana funguo, ana hati za wadeni, anaamuru watumishi, na watu wa mbali wanaweza kudhani kwamba yeye ndiye mwenye nyumba. Si yake hata pishi moja. Siku tajiri aliposikia kwamba mali yake inatapanywa, alimwita na kumtaka hesabu. (Kila Mwaka C uingiapo, makatekista hutuuliza kwa nini wakili yule mdanganyifu akasifiwa, hali alipunguza deni la mafuta kutoka 100 hadi 50 na la ngano kutoka 100 hadi 80. Alisifiwa kwa kujua kwamba siku ya hesabu imefika na kwa kujipanga upesi. Wizi wake haukusifiwa, na Injili yenyewe inamwita dhalimu.)

Katika nchi yetu tajiri huyo ni nani? Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 8, inasema kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na kwamba Serikali itawajibika kwao. Ibara ya 63 inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Maana yake, mbunge anaposimama Dodoma na kuuliza fedha za zahanati zimekwenda wapi, anaitenda kazi ya tajiri wa Injili, naye ameazimwa sauti na mkulima wa mhogo, mvuvi, na mama muuza vitumbua. Waziri anayejibu ndiye wakili. Haombwi fadhila, anadaiwa hesabu. Na ili hesabu hiyo isiwe maneno matupu, ibara ya 143 imemweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Huyu hukagua vitabu angalau mara moja kila mwaka, taarifa yake humfikia Rais, na Rais huiagiza ifikishwe bungeni. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la taifa ni hilo.

Mfano mmoja twaufahamu wengi. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa ya kuzalisha umeme, Mtera likiwa mojawapo, na nchi ikaingia katika mgawo mkali. Wenye mashine za kusaga walikaa bila kazi, mafundi wa kuchomelea walikaa vivulini. Katika dharura hiyo, mwezi Juni mwaka huo, ukasainiwa mkataba na kampuni ya Richmond ili ilete mitambo ya megawati 100. Mitambo haikufika kwa wakati, mvua zikanyesha, na mkataba ukahamishiwa kampuni nyingine iitwayo Dowans. Malipo yaliyotajwa katika sakata lile yalikuwa shilingi milioni 152 kwa siku. Novemba 2007 Bunge, chini ya Spika Samuel Sitta, liliunda Kamati Teule ya wabunge watano, mwenyekiti wake Dakta Harrison Mwakyembe. Taarifa ilisomwa Februari 2008. Ilieleza kwamba kampuni ile haikuwa na uwezo wa kazi iliyopewa na kwamba taratibu zilipindishwa. Tarehe 7 Februari Waziri Mkuu, Edward Lowassa, akatangaza bungeni kwamba amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu, mawaziri wengine wawili nao wakajiuzulu, na Baraza la Mawaziri likavunjika.

Wengi walishangilia siku ile, redio zikiwa masikioni. Yatupasa hata hivyo kulikumbuka neno alilolisema Waziri Mkuu yule kabla ya kuondoka. Alilalamika kwamba Kamati ilimtaja bila kumwita ajieleze. Wapo waliosema kwamba kanuni na ushahidi vilitosha, wapo walioona kwamba ameonewa. Sisi hatukai hapa kama mahakama, na marehemu alikwisha kwenda mbele ya Hakimu wa wote mwezi Februari 2024. Twasema hili tu: malalamiko yale yalikuwa na uzito, nayo hayakufuta hata shilingi moja ya maswali ya Kamati. Mambo haya mawili husimama pamoja. Anayedai hesabu akikataa kumsikiliza anayedaiwa, naye amepunguza kipimo. Mizani ya Amosi ina sahani mbili. Tunasema hivi kwa kuwa tumeona katika jumuiya zetu jinsi watu wanavyopenda kuona mkubwa akianguka kuliko kuona kisima kikichimbwa. Bunge lilipitisha maazimio 23 kwa Serikali. Ni wangapi kati ya waliopiga vigelegele Februari 2008 waliofuatilia hatima ya maazimio hayo? Kuanguka kwa mtu ni habari ya siku moja. Utekelezaji wa maazimio ni kazi ya miaka, na masikio ya watu huchoka upesi.

Kuna mfano mwingine, wa zamani zaidi, ambao vijana wetu wengi hawaujui. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu waliokamatwa katika msako wa wauaji wa vikongwe waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa. Hapo hapakuwa na fedha iliyopotea. Kilichopotea ni uhai wa watu ambao, hata kama wangekuwa na hatia, walikuwa na haki ya kufikishwa mbele ya hakimu wakiwa wazima. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Hakumpiga mtu, wala hakuagiza apigwe mtu. Mwaka 1977 alijiuzulu, kwa sababu waliotenda walikuwa chini ya wizara yake. Hakutafuta karani wa kumtwisha mzigo. Na tukumbuke kwamba wakati huo Katiba yetu haikuwa bado na orodha ya haki za binadamu. Orodha hiyo iliingizwa mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuisimamia mwaka 1988. Papa Yohane wa 23 alikuwa ameshaufundisha ulimwengu mwaka 1963, katika waraka wake juu ya amani duniani, kwamba kila mtu ana haki na wajibu vitokavyo katika utu wake mwenyewe, ambavyo hakuna awezaye kumnyang'anya. Sheria ilikuja baadaye. Dhamiri ya kiongozi haikuisubiri.

Kuachia cheo hakukummaliza Mzee yule. Mwaka 1985 alichaguliwa kuwa Rais. Wanaodhani kwamba kuwajibika ni kujizika wangefaa kuitazama historia hiyo kwa utulivu.

Bunge nalo ni wakili, tena mara nyingine linasahau. Mwaka 2019 liliazimia kutofanya kazi na Mkaguzi Mkuu wa wakati ule, baada ya yeye kusema juu ya udhaifu wa Bunge. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameondolewa katika kiti chake, na Desemba 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuondolewa kule kulikwenda kinyume cha Katiba. Anayewauliza wengine hesabu hapendi sikuzote kuulizwa yeye. Kadhalika, Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, ikataja gharama. Gharama ni kitu cha kweli, nasi tunaosema nanyi kwa redio twajua bei ya mitambo na ya umeme wake. Lakini tajiri wa Injili alimwita wakili aje mbele yake. Hakuletewa muhtasari jioni.

Huenda mtu akasema: Padre, Dodoma ni mbali. Vema, tutazame karibu. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila miezi mitatu, na hapo mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Siku ya mkutano huo Wakristo wetu wako wapi? Wengine wako shambani, wengine kilabuni, na wengine, tuseme ukweli, wako kwenye mazoezi ya kwaya, nasi twawasifu kwa moyo wao wa ibada. Kisha darasa linapobaki bila bati, lawama zinapelekwa kwa mbunge. Mwanakijiji anayeuliza kwa adabu, akitaja tarehe na kiasi, huitwa mkorofi, na mara nyingine anaogopeshwa. Katekista aliye jirani yake asimwache peke yake. Aende akaketi kando yake mkutanoni. Hilo nalo ni tendo la huruma, hata kama halimo katika orodha mliyoikariri mkijiandaa kwa Kipaimara.

Na nyumbani kwa Bwana? Zaka, michango ya ujenzi, mavuno ya shukrani, yote ni mali ya mwingine. Parokia isiyosoma hesabu zake mbele ya waamini haina kinywa cha kuihubiria Serikali Injili ya leo. Halmashauri ya walei iketi, mweka hazina asome, paroko akiwepo na akijibu. Bwana anasema kwamba aliye mwaminifu katika lililo dogo ndiye mwaminifu katika lililo kubwa, na bahasha ya jumuiya ndogo ndogo ni jambo dogo la namna hiyo hasa.

Limebaki neno la Paulo. Anataka sala zifanywe kwa ajili ya wafalme na wenye mamlaka, naye aliandika hayo wakati watawala walikuwa wapagani wa Roma, ambao wengine wao hawakulipenda Kanisa hata kidogo. Hakusema wasifiwe. Alisema waombewe, ili watu waishi kwa utulivu na amani, katika uchaji na ustahivu. Kumwombea kiongozi ni kumweka mbele ya Mwenye mali wa kweli, na anayeombewa hivyo kila Dominika na watu wanaomwuliza hesabu siku za kazi anasaidiwa kuliko anayepigiwa ngoma kiwanja cha ndege.

Kwa sababu hiyo, katika sala ya waamini leo tutawataja wabunge wetu, wa chama tawala na wa upinzani, ili waulize bila woga na wajibu bila hila. Tutawataja wakaguzi wa hesabu, wa wilaya na wa taifa, ambao kazi yao huwaletea maadui. Tutawataja mahabusu wanaongoja kusikilizwa, na familia za waliokufa wakiwa mikononi mwa dola. Katekista atakayesoma nia hizo azisome polepole, aache nafasi kati ya moja na nyingine, ili kila mmoja aweze kumtaja moyoni mtu anayemfahamu. Lakini kwanza tusimame, tuungame imani yetu.