Zijue Breki za Guta Lako Kabla ya Kununua Spea

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wamiliki, madereva na mafundi wa maguta, Katoro, mkoani Geita)

Tumekuja kuzungumzia chombo ambacho katika ukanda huu, kuanzia Kahama hadi Nyarugusu, kimechukua nafasi ya mkokoteni na, mara nyingine, nafasi ya lori. Ni pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, ambayo ninyi huiita guta na wengine huiita toyo. Ndiyo inayotoa mawe kwenye maduara na kuyafikisha kwenye karasha. Ndiyo inayosomba maji, mbao na saruji. Leo tutashughulika na kiungo chake kimoja tu, nacho ni breki.

Hatuna budi kuanza kwa kukiri kosa letu. Katika kijitabu chetu cha awali tuliwashauri wanunuzi wanunue spea za breki kwa kufuata jina la guta lililoandikwa kwenye tangi. Ushauri huo haukuwa sahihi, na aliyetuonyesha kosa hilo ni mama mmoja mwenye guta la kusomba mawe.

Mama huyo alileta lalamiko kwamba amenunua seti mbili za viatu vya breki, vile ambavyo madukani huitwa breki shuu, katika muda wa mwezi mmoja. Zote zilikuwa na jina la guta lake, na zote alizinunua kwa risiti. Hata hivyo, kila dereva alipokanyaga breki, guta lilivutia kushoto. Muuzaji alimlaumu dereva, dereva akamlaumu fundi, na fundi akairudisha lawama dukani. Wakati huo guta lilikuwa limekwisha paramia kibanda cha mama lishe alfajiri moja, kabla wateja hawajaketi. Kilichopotea ni maharage ya siku nzima. Saa moja baadaye tungekuwa tunasimulia habari nyingine.

Tulipofungua magurudumu ya nyuma tulikuta ngoma ya kushoto ina kipenyo cha ndani cha milimita 180, na ya kulia milimita 160. Viatu vilivyonunuliwa vilikuwa vya milimita 180. Ili viingie upande wa kulia, fundi alivisaga kwa jiwe la kunolea. Tukafuatilia nyuma zaidi. Kama mjuavyo, guta huja likiwa vipande ndani ya kreti, likaungwa hapa hapa nchini. Kreti la mama huyo lilifika na ngoma moja iliyopasuka, na aliyeliunga akachukua ngoma pamoja na bamba lake kutoka kreti jingine. Hakumwambia mtu. Guta likapakwa rangi, likang'arishwa, likauzwa kama jipya, na kwa hakika lilikuwa jipya. Ila lilikuwa maguta mawili ndani ya moja.

Tangu hapo tunasema hivi: jina la kwenye tangi halikuelezi breki ulizonazo. Maguta mawili ya jina moja, yaliyofika katika shehena mbili tofauti, yanaweza kuwa na breki tofauti kabisa. Kinachoeleza ukweli ni kipimo.

Basi, utazitambuaje? Lala chini ya guta lililozimwa na kuwekewa vizuizi vya magurudumu, kisha fuata kwa macho kinachotoka kwenye pedali ya mguu. Ukiona fimbo ya chuma inayoelekea nyuma na kugawanyika kwenda magurudumu mawili, hizo ni breki za fimbo. Ukiona kichupa cha mafuta, silinda ndogo na mirija myembamba, hizo ni breki za mafuta. Gurudumu la mbele mara nyingi huwa na ngoma yake ndogo inayovutwa kwa waya kutoka kwenye mkono wa usukani. Baada ya hapo vua ngoma za nyuma, zote mbili, usiridhike na moja. Pima kipenyo cha ndani cha kila ngoma na upana wa kila kiatu, uyaandike. Iwapo ngoma imechorwa kipimo chake cha mwisho cha kulika, kiheshimu. Ngoma iliyokwisha kukipita haina dawa. Vumbi lililomo ndani msilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, kwa sababu baadhi ya viatu vya breki hutengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huleta saratani. Lifuteni kwa kitambaa chenye maji.

Breki za fimbo zina tabia moja ambayo mafundi wa hapa wanaijua kuliko sisi, lakini wanunuzi wengi hawaijui. Ekseli ya nyuma imeninginia kwenye springi za bapa. Mzigo ukiongezeka, ekseli hubadili mahali pake kidogo, na fimbo hulegea au hukaza. Kwa hiyo breki uliyoirekebisha guta likiwa tupu si breki ile ile utakayoikuta umebeba viroba. Na mkiongeza mabapa ya springi ili guta libebe zaidi, kama wengi mnavyofanya, mnabadilisha pia mahali pa ekseli bila kugusa fimbo. Nati za kurekebishia zikazwe upya, pande zote mbili kwa usawa, kila springi zinapoguswa.

Sasa tuje kwenye kuboresha, jambo ambalo wengi mmelifuata hapa. Mnauliza kama inafaa kuondoa fimbo na kuweka breki za mafuta. Inafaa, na faida yake kubwa ni kwamba mafuta husukuma pande zote mbili kwa shinikizo lile lile. Lakini kazi hiyo haifanywi nusu. Inahitaji mabamba ya nyuma yenye silinda zake, silinda kuu, mirija ya chuma, na mpira wa breki pale ekseli inapochezacheza. Silinda kuu nayo ina hesabu yake. Ukibadilisha yenye kipenyo cha milimita 19 ukaweka ya 16, mguu ule ule utatoa shinikizo kubwa zaidi kwa takriban asilimia 40, ila pedali nayo itashuka zaidi kwa kiasi hicho hicho. Pedali ikigonga chini kabla viatu havijakaza, umenunua hasara.

Mafuta ya kutumia ni yale yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha kichupa, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4. Tumekuta kichupa kilichojazwa mafuta ya haidroliki yaliyochotwa kwenye mtambo wa karasha. Mafuta ya namna hiyo huvimbisha mipira ya ndani ya silinda, na breki hufa bila kuaga. Hata mafuta sahihi hunyonya unyevu wa hewa kadiri siku zinavyopita: DOT 3 iliyo mpya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, lakini ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Mafuta yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke ukikanyagwa hubonyea tu. Chupa iliyofunguliwa mwaka jana na kuachwa rafuni isiwekwe kwenye breki.

Wapo wauzaji wanaowashauri muanze kwa kuweka diski ya mbele. Sisi hatukubaliani nao, angalau kwa guta la mawe. Uzito wa mzigo wenu umekaa juu ya ekseli ya nyuma. Gurudumu la mbele ni moja, nalo ndilo la kuongozea. Likibanwa kwa nguvu kwenye kona ya changarawe litateleza, na usukani hautakuwa na kazi tena. Anzeni nyuma.

Kuhusu mzigo tutasema machache, kwa kuwa tunajua halipendwi. Viroba 20 vya kilo 50 ni tani moja. Someni kibao cha mtengenezaji kilichopigwa kwenye chesisi mlinganishe. Breki bora hazibadilishi namba ya kwenye kibao. Na mwendo ni mkali kuliko mzigo: guta linalokwenda kilomita 60 kwa saa huipa breki kazi mara mbili na robo ya ile ya kilomita 40, mzigo ukiwa ule ule.

Mnapokwenda dukani, chukueni kiatu cha zamani na karatasi ya vipimo. Mwombeni muuzaji aandike kipenyo na upana kwenye risiti ya EFD, si jina la guta peke yake. Mama yule alishinda lalamiko lake kwa sababu alitunza risiti ya guta lenyewe. Duka liligharimia ekseli kamili. Risiti za viatu hazikumsaidia, kwa kuwa ziliandikwa tu “breki shuu, seti moja”. Anayewauzia kitu kwa maelezo ya uongo anavunja Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, na bidhaa bandia zinaguswa na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Lakini sheria huhitaji ushahidi, na ushahidi wenu ni karatasi hiyo.

Tumekuja na vernia mbili na karatasi za kutosha za kuandikia vipimo. Chini ya mwembe ule kuna guta ambalo mwenyewe ameturuhusu tulifungue, na fundi amekwisha legeza nati za gurudumu la kushoto. Tusogee huko, na aliye karibu na jeki aje nayo.