Kabla ya Kufuta Diski

Tarehe 4 Agosti 2009 mvua kubwa ilinyesha mjini Louisville, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani. Maji yaliingia katika maktaba kuu ya jiji, yakaharibu maelfu ya vitabu pamoja na kompyuta za maktaba hiyo.

Tukio hilo laonyesha kwa nini wataalamu hawaweki data mahali pamoja. Chuo Kikuu cha Louisville kilikuwa miongoni mwa vyuo sita vilivyoanzisha, mwaka 2004, ushirika wa MetaArchive. Wanachama wake walitunziana nakala katika kompyuta zilizo mbalimbali. Kompyuta hizo zililinganisha nakala zao, na iliyoonekana na kasoro ilirekebishwa kutokana na zile nzima.

Utaratibu wa namna hiyo huwezesha diski kufomatiwa upya, yaani kufutwa na kupangwa kama mpya, bila data kupotea. Tuseme kuna kompyuta tatu, Louisville, Columbus na Buffalo, kila moja ikiwa na nakala yake. Fundi wa Columbus huhakikisha kwanza kwamba nakala mbili za wenzake ni nzima, ndipo aifute diski yake. Kisha diski hiyo hujazwa upya kutoka kwao, na hadi ijae, nyingine haiguswi. Akifuta mbili kwa pamoja, nakala iliyosalia huenda ikawa Buffalo, mji uliopigwa na tufani kali ya theluji mwezi Desemba 2022.

Hata hivyo, faili likifutwa kwa makosa, amri hiyo huweza kufika katika nakala zote. Kwa hiyo lazima iwepo akiba nyingine nje ya mtandao huo.

Katika miji hiyo mitatu wanaishi wakimbizi kutoka Kongo na Somalia. Kwa aliyekimbia vita, picha ya marehemu mama, au sauti ya babu akieleza ukoo, haina duka linaloiuza. Weka nakala moja kwako na ya pili kwa ndugu wa mji mwingine. Na kabla ya kufomati, ifungue ile ya pili uione kwa macho yako. Wahenga walinena: mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.