Sare ni Heshima, si Fimbo
(Hotuba kwa vijana wa mgambo)

Ndugu zangu vijana,

Jeshi la Wananchi lilizaliwa tarehe 1 Septemba 1964, baada ya maasi ya askari ya Januari mwaka ule. Tangu hapo twataka askari ajulikane kwa nidhamu, na nidhamu huonekana kwanza katika sare. Nanyi wa mgambo ni hivyo hivyo.

Makosa twayaona kila gwaride: kofia imelazwa kisogoni, vifungo viko wazi, mkanda umelegea, buti halikupigwa rangi, mikono i mifukoni. Wengine huchanganya shati la sare na suruali ya nyumbani. Tena wako raia wanaovaa nguo za jeshi kwa kujitapa. Agosti 2023 jeshi liliwapa siku saba wazisalimishe.

Lakini na sisi viongozi tumekosa. Tulimtoa kijana mmoja gwarideni mbele ya wenzake, kwa sababu shati lake lilikosa kifungo. Hakurudi tena. Baadaye tulijua kuwa hakuwa na shati jingine, wala sindano. Tulipoteza mtu kwa ajili ya kifungo!

Basi tusahihishane hivi: kabla ya gwaride, wawili wawili, kila mmoja amkague mwenziwe tangu kofia hata buti. Mwenye kosa aambiwe pembeni. Mzembe aadhibiwe, asiye na kitu asaidiwe. Na anayekagua ajitazame kwanza yeye.

Uhuru na Kazi!