Kusanidi Itifaki ya OSPF kwenye Swichi za Ofisi ya Mbali: Mfano wa Masalani

Mada hii inachunguza usanidi wa OSPF, ambayo ni itifaki ya uelekezaji badilifu, yaani kanuni zinazoziwezesha swichi kupashana habari za njia na kuzibadilisha bila kungoja mkono wa fundi, katika mtandao wa taasisi ambayo makao yake yako Garissa mjini na tawi lake liko Masalani, katika eneo la Ijara, zaidi ya kilomita 100 upande wa kusini. Umbali huo ndio unaotawala kila uamuzi, kwa kuwa mafuriko ya mto Tana, kama yale ya mwishoni mwa 2023, huzifunga barabara, na minara ya mawasiliano ya kaskazini mashariki imewahi kushambuliwa mara kadhaa.

Tuseme tawi hilo lina njia mbili: kiungo cha redio kinachopita mnara hadi mnara, na setilaiti ya akiba. Njia iliyoandikwa kwa mkono haifai hapa, kwani swichi imeungwa na redio kwa waya mfupi ambao hubaki hai hata redio inapopoteza mawasiliano na redio ya ng'ambo, hivyo swichi huendelea kuiamini njia iliyokwisha kufa na data hupotea bila ishara yoyote ya hitilafu. OSPF, ambayo toleo lake la pili lilisanifishwa mwaka 1998, huliepuka tatizo hilo kwa salamu zinazotumwa kwa kawaida kila sekunde 10. Jirani, yaani swichi ya upande wa pili, asiposikika kwa sekunde 40 huondolewa, na njia hukokotolewa upya.

Gharama, yaani namba inayoipa njia kipaumbele kadiri inavyokuwa ndogo, iandikwe waziwazi pande zote mbili, kwa mfano 10 kwa redio na 100 kwa setilaiti, kwa sababu swichi nyingi hukokotoa gharama kwa kipimo cha megabiti 100 kwa sekunde, na hivyo kuuona waya wa gigabiti moja kuwa sawa na ule wa megabiti 100. Poti za watumiaji zizuiwe kutuma salamu, na majirani wathibitishane kwa nenosiri. Setilaiti inayopitia mtandao wa mtoa huduma huhitaji handaki, yaani njia iliyofungwa ndani ya njia nyingine, na hapo ukubwa wa juu wa pakiti usipolingana pande zote, majirani husalimiana vizuri lakini hawakamilishi kubadilishana habari, kosa ambalo huwasumbua mafundi kwa saa nyingi. Kugawa swichi chache hivi katika maeneo kadhaa ya OSPF ni mbwembwe tu. Eneo moja tu, yaani eneo 0, linatosha.

Kishawishi cha kupunguza muda wa salamu hadi sekunde 1 kipingwe, maana kiungo kinachoyumba kwa mvua kitakatwa na kurudishwa mara kwa mara. Hata hivyo, itifaki haipimi ubora: kiungo kinachopoteza sehemu ya pakiti zake bado huweza kupitisha salamu za kutosha kuonekana kizima, na hilo lahitaji programu ya ufuatiliaji.

Nenosiri linapobadilishwa kutoka Garissa, upande wa Masalani utangulie, usanidi usihifadhiwe kwanza, na kabla ya badiliko lenyewe swichi iagizwe kujiwasha upya baada ya dakika 10 ili kosa likitokea irudi kwenye nenosiri la zamani, agizo ambalo fundi hulifuta majirani wakishatambuana tena.