Nani Anakula Betri Yetu? Kupima Mkondo wa Umeme kwa Chipu ya Hall

(Mazungumzo haya yalitolewa na fundi mmoja wa umeme wa jua huko Faza, kisiwani Pate, mbele ya wanachama wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, kwa kuwa vikundi vingi vinavyosoma jarida hili vina sola na vina ugomvi wa betri.)

Akina mama waliokaa nyuma, sogeeni mbele kidogo, maana vitu nitakavyoonyesha ni vidogo kama kucha.

Niliambiwa nizungumze juu ya kutunza betri. Lakini nikiwauliza hapa betri ya kikundi inadumu muda gani, kila mtu ananipa jawabu lake: mmoja mwaka, mwingine miezi minane. Na nikiuliza kwa nini imekufa, najibiwa kwa jina la mtu. Fulani anachaji simu za nduguze. Fulani anatazama mpira usiku. Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kinachojibu swali hilo bila kutaja jina la mtu.

Umeme una mambo mawili mnayoyasikia kila siku, volti na ampea. Volti ni ule msukumo. Ampea ni wingi wa umeme unaopita kwenye waya kwa wakati ule. Karibu kila kikundi kina mita ndogo ya kupima volti. Kupima ampea ndiko kunakotushinda, kwa sababu kwa njia ya kawaida lazima ukate waya, uiweke mita katikati, umeme wote upite ndani ya mita yenyewe. Mita nyingi za bei nafuu zinavumilia ampea 10 tu. Ukizidisha, fyuzi yake inaungua, na kama fyuzi ni ya bandia basi mita ndiyo inayoungua. Kwa hiyo watu hawapimi, wanakisia.

Sasa niwasimulie kosa langu, maana si vizuri fundi kuja hapa na makosa ya wengine tu.

Kuna kikundi kimoja katika kisiwa hiki hiki, sitakitaja. Walikuwa na paneli moja ya wati 100, betri moja ya volti 12 ya Ah 100, na inveta kwa ajili ya mashine ya kunyolea na televisheni. Betri ilikufa. Wakachanga, wakanunua nyingine, nayo ikaanza kulegea. Lawama ikamwangukia kijana aliyekuwa akilala pale kama mlinzi. Wakaniita. Nilikuwa na mita ya kubana, ile yenye mdomo kama gando la kaa, unaubana waya bila kuukata. Tukazima taa zote, nikabana waya wa betri, mita ikasema sifuri. Nikawaambia, "Hakuna kinachovuja. Betri yenu inatumiwa na mtu." Mnaona? Kijana yule akatozwa faini, kisha akaondolewa. Na neno langu ndilo lililomwondoa.

Mita yangu haikuwa mbovu. Ilikuwa ya umeme mwingine. Mita nyingi za kubana zina koili ndani yake, na koili hiyo inaamka pale tu umeme unapogeuka mbele na nyuma, kama ule wa volti 240 wa majumbani. Umeme wa sola na betri unakwenda upande mmoja moja kwa moja. Kwake mita ile ni kipofu. Ungeweza kupitisha ampea 20 pale, ikasema sifuri vile vile.

Mita inayoona umeme wa betri ina kitu kingine mdomoni: chipu ya Hall. Hall ni jina la mtu. Mwaka 1879, Edwin Hall, Mmarekani aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, alipitisha umeme kwenye kipande chembamba sana cha dhahabu kilichowekwa katikati ya sumaku yenye nguvu. Akaona volti ndogo imetokea ubavuni, kutoka ukingo mmoja wa kipande hadi ukingo wa pili. Bila sumaku, volti ile haipo.

Nyinyi mnapita Mkanda kila mkienda Lamu, kwa hiyo mtanielewa upesi kuliko watu wa bara. Maji yanakwenda na mkondo wake, moja kwa moja. Ukivuma upepo wa ubavuni, takataka zote zinazoelea zinasukumwa upande mmoja, zinajaa kwenye mikoko ya upande ule, upande wa pili pakavu. Mtu akitazama tu tofauti ya ukingo na ukingo anajua upepo ni mkali kiasi gani, na unatoka wapi. Ndani ya chipu ya Hall mna kijimkondo kidogo cha umeme, hicho ndicho maji. Upepo ni sumaku. Na sumaku inatoka wapi? Kila waya unaopitisha umeme huzungukwa na nguvu ya sumaku, hata wa taa yako. Umeme ukizidi, sumaku inazidi. Ukigeuka, nayo inageuka. Basi chipu haiugusi umeme wako kabisa, inasikia upepo wake tu.

Nilirudi kwenye kikundi kile baada ya miezi, nikiwa na mita ya kubana inayopima umeme wa moja kwa moja. Tukazima kila kitu, kama mara ya kwanza. Mita ikasema ampea 0.9. Nikaenda kwenye inveta, ambayo haikuwa imechomekwa chochote, taa yake ndogo ya kijani tu inawaka. Nikaizima kwenye swichi yake. Sifuri.

Hesabu si ngumu. Ampea 0.9 kwa saa 24 ni Ah 21.6. Paneli ya wati 100 katika jua kali inatoa ampea tano na ushei, na siku njema ile yao ilikuwa ikileta kama Ah 25 kwa jumla. Maana yake inveta, bila kumnyoa mtu yeyote, ilikuwa inakula karibu yote yaliyoletwa na jua. Simu na taa zikaishi kwa kukopa kwenye betri, na betri ya asidi ikishushwa chini ya nusu kila siku haina maisha.

Kijana alirudishiwa faini yake. Kazi hakurudi, alikuwa ameshakwenda baharini.

Haya, sasa vifaa. Ukinunua mita ya kubana, usimwulize mwenye duka kama ni nzuri. Tazama mwenyewe alama ya A yenye mstari mnyoofu na vistari vya kukatika chini yake, au herufi DC karibu na A. Ikiwa kuna alama ya wimbi peke yake, hiyo ni ile yangu ya kwanza. Kabla ya kupima, ifunge mdomo pasipo waya na bonyeza kitufe cha kuirudisha sifuri. Bana waya mmoja tu. Ukibana chanya na hasi pamoja, sumaku zao zinafutana na utapata sifuri nyingine ya uongo. Na kama mkondo ni mdogo sana, uzungushe waya mara tano mdomoni, kisha jawabu ligawe kwa tano.

Mita hizo zina bei. Kikundi ambacho hakiziwezi kinaweza kutumia chipu yenyewe. Hii hapa niliyoishika inaitwa ACS712, ina miguu minane. Inauzwa ikiwa imeshaunganishwa kwenye kibao kidogo chenye skrubu mbili za waya wa betri na miguu mitatu ya kando: volti 5, hasi, na jibu. Umeme mkubwa unapita kwenye njia ya shaba ndani ya chipu, na sehemu ya Hall inausikia bila kuunganishwa nao. Njia yenyewe haili kitu. Ampea 10 zikipita, inapoteza volti 0.012 tu.

Zile volti 5 mnazipata kwenye chaja ya simu ya gari. Jibu mnalisoma kwa mita yenu ya kawaida ya volti. Umeme usipopita, jibu ni nusu ya volti mlizoipa, yaani 2.5. Chipu hii ina aina tatu. Ya ampea 5 inaongeza volti 0.185 kwa kila ampea, ya ampea 20 inaongeza 0.1, na ya ampea 30 inaongeza 0.066. Kwa hiyo ukiwa na ile ya 20 na mita ikasoma 2.9, zimezidi 0.4, hizo ni ampea 4. Ikisoma 2.3, imepungua 0.2, ni ampea 2 zinazokwenda upande wa pili. Hilo ndilo ninalolipenda zaidi katika chipu hii. Waya mmoja wa betri unakwambia sasa hivi betri inakula au inaliwa.

Lakini si kila chaja inatoa 5 kamili. Ikitoa 5.2, sifuri yako inakuwa 2.6. Basi kwanza toa waya wa betri kwenye skrubu za kibao, soma, andika: hiyo ndiyo sifuri yenu ya siku hiyo. Na usichukue aina ya ampea 30 kupima taa moja, haitakuonyesha kitu cha kuaminika. Taa ya wati 6 ni nusu ampea, itafute kwa aina ya 5.

Inveta msiipitishe kwenye kibao hiki. Inveta ya wati 600 ikifanya kazi kwa nguvu inavuta ampea 50 na zaidi, skrubu zile zitayeyuka. Hata ile iliyoandikwa 30, mimi siipi zaidi ya 15. Inveta ipimwe kwa mita ya kubana. Na umeme wa volti 240 wa nyumbani muachieni fundi mwenye leseni, kwa sababu nyuma ya kibao kuna risasi wazi na kidole hakina fyuzi.

Fyuzi iwe karibu na betri, kisha chipu ifuate. Vueni pete na bangili. Kibao kiwe mbali na spika ya redio, maana ina sumaku na itawadanganya. Na hewa yetu hii ya chumvi itakila kwa msimu mmoja. Mkishamaliza kukijaribu kipakeni vanishi, isipokuwa kwenye skrubu, mkiweke ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko.

Kilichobaki ni daftari. Mweka hazina wenu tayari anajua kuandika zilizoingia na zilizotoka, ampea ni vivyo hivyo. Asome mara nne: asubuhi, adhuhuri, magharibi, na kabla ya kulala vyote vikiwa vimezimwa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayomshika mwizi asiye na miguu. Simu moja ya siku hizi inataka kama Ah moja na nusu kutoka kwenye betri ya volti 12. Simu ishirini ni Ah 30, zaidi ya paneli moja ya wati 100 inavyoleta. Kabla hamjapanga bei ya kuchaji, pigeni hesabu hiyo kwanza.

Maswali nitayajibu sasa, lakini boti yangu inafuata maji, kesho alfajiri lazima niwe nimeondoka. Kwa hiyo kikundi chenye inveta kiniambie usiku huu. Nitapita na mita, nyumba hadi nyumba, mkiwa mmezima vyote.