Sahani Isiyopandwa Kitu: Mada kwa Waalimu wa Elimu ya Viumbe



Nimetakiwa nieleze njia za msingi za maabara ya vijidudu pamoja na namna ya kuwapangia wanafunzi majaribio. Sehemu ya kwanza sitaikawilia, kwa kuwa hapana hapa asiyejua kwamba waya wa kupandia huchomwa katika mwali hata uwe mwekundu, kisha ukaachwa upoe. Kwamba agari, ambayo iliingia maabara kutoka jikoni kwa shauri la Bi Fanny Hesse, hutakaswa kwa mvuke wenye shinikizo, digrii 121 kwa dakika 15, na asiye na otoklevu hutumia jiko la presha. Na kwamba sahani aliyoitangaza Petri mwaka 1887 ina kifuniko kwa sababu, wala haifunuliwi kama kawa mbele ya wageni.

Lililonileta hasa ni sahani moja, ile isiyopandwa kitu. Humiminiwa agari ile ile, hukaa katika joto lile lile, kwa saa zile zile, ila haiguswi. Nami huiita sahani shahidi, maana ikiota, ushahidi wa nyingine zote umebatilika. Pasteur alipochemsha mchuzi katika chupa zenye shingo iliyopindwa, hoja yake haikusimama tu juu ya chupa zilizovunjwa shingo zikachafuka, bali pia juu ya zile zilizobaki safi kandoni mwao.

Katika skuli moja niliyofundisha, kila muhula niliomba sahani 24 nikapewa 18, na penye sita zilizofutwa pameandikwa kwa wino mwekundu: hazipandwi kitu. Niliandika barua, nikajibiwa kwa adabu kwamba jambo langu linatazamwa. Simlaumu mtu, kwani mwenye kushika fedha ana hesabu zake. Lakini yaliyofuata sina budi kuyasema. Wanafunzi waligusa agari kabla ya kunawa kwa sabuni na baada ya kunawa, na sahani za baada zikaota koloni nyingi kuliko za kabla. Kwa kuwa alama zilitolewa kwa atakayeona vijidudu vimepungua, vijana walibadilisha vibandiko usiku, asubuhi wakaniletea majibu ya kitabu. Hata walipokiri, sikuweza kuwaambia kosa lilikuwa katika maji, katika taulo la shirika, au katika agari yenyewe, ilhali sahani moja tupu na nyingine iliyotiwa maji tu zingalitosha kunijulisha. Muhula uliofuata nilizinunua kwa fedha yangu: ile tupu ikabaki safi, ile ya maji ikaota. Kosa lilikuwa katika ndoo ya maji.

Napendekeza, kwa taadhima, kwamba sahani shahidi iandikwe katika orodha ya vifaa kwa jina lake, ili mtunza ghala asiione kuwa ni ziada. Napendekeza pia isiwe moja tu, bali iwepo tupu, iwepo ya maji, na iwepo iliyopandwa kijidudu kisicho na madhara tukijuacho, mathalan hamira, tupate yakini kwamba agari inalisha. Kila hali irudiwe katika sahani tatu, kwani sahani moja huweza kusema uwongo bila kukusudia. Chembe zikiwa nyingi, zizimuliwe mara kumi kumi hata zihesabike, baina ya koloni 30 na 300. Alama zitolewe kwa mpango na kwa daftari la ukweli, hata majibu yakienda kinyume cha kitabu. Na hapa narudia, makusudi, kwamba mwanafunzi aliyeleta sahani shahidi iliyoota akaeleza kwa nini, apewe alama nyingi kuliko aliyeleta jibu zuri asilo na shahidi. Jina liandikwe chini ya sahani, si juu ya kifuniko, kwani vifuniko hubadilishana, na hubadilishwa. Joto la kuoteshea skulini lisifikie lile la mwili. Digrii 25 zatosha. Sahani zilizogusishwa mikono zifungwe kwa utepe, zisifunuliwe tena, na zipite katika mvuke kabla ya kutupwa, pamoja na zile tupu, ambazo naomba tena zihesabiwe katika bajeti ya muhula ujao.